Cheti cha Maisha

Duluth, Minnesota
Jumapili, 14 Februari 2010

Dada Odile,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la uwanja wa barafu. Claire ana mazoezi ya hoki na mimi baba mtu nimepewa kazi ya kushika chupa ya maji. Kitabu cha maswali kiko mapajani. Ukurasa huu nimeshausoma mara tatu, na ukiniuliza unasema nini, nitakwambia unahusu tezi, basi.

Miaka kumi imekwisha tena. Bodi ya madaktari bingwa imenikumbusha, kisha hospitali nayo ikanikumbusha kwamba Bodi imenikumbusha. Mtihani ni Novemba. Kabla ya hapo kuna masomo ya kwenye kompyuta, halafu kuna ile kazi ya kujikagua mwenyewe: nichukue mafaili ya wagonjwa wangu wa kisukari nione nimewapima miguu wangapi na nimesahau wangapi. Nisipofaulu, cheti changu cha ubingwa kinakufa mwisho wa mwaka, na hospitali imeshasema haimtaki bingwa ambaye ubingwa wake umeoza kwenye friji.

Nina miaka hamsini na miwili, dada. Naona wagonjwa kuanzia asubuhi, natoka nimekamuka kama ndimu, halafu nyumbani nikae kama mtoto wa shule. Kampuni moja ya bima inatafuta daktari wa kukaa ofisini kusoma mafaili tu. Hakuna zamu wala wagonjwa. Karen, mke mwema, anasema nichukue. Nami naelekea huko huko.

Wewe huwezi kuelewa. Ninyi mliopata cheti kabla ya mwaka tisini mlipewa cha maisha, na sisi tuliofuata tukapewa cha miaka kumi kumi kama leseni ya mbwa. Mwaka tisini! Na unajua mwenyewe kwa nini mimi nilichelewa mwaka mmoja. Baba alipoanguka kwenye lori la viazi, kuna mtoto mmoja wa huyo mzee Daigle aliyeacha mafunzo akaja kuchimba viazi, na kuna mwingine aliyesema hawezi kuiacha wodi. Sisemi zaidi.

Mdogo wako aliyechoka,
Normand

*

Bonde la Mto St. John, Maine
7 Machi 2010

Normand,

Umeshasema zaidi. Kila ukichoka mwaka ule unatoka kabatini, unapigwa pasi na kuvaliwa upya. Haya, nimeuona, umekukaa vizuri. Urudishe.

Kazi ya bima usiichukue. Utakaa na mafaili mwezi mmoja, wa pili utaanza kuyauliza yanaumwa wapi. Wewe ni daktari wa kushika mikono ya watu, tangu mtoto ulikuwa unawafunga kuku bandeji. Mtihani utafaulu. Uliogopa hivi hivi mwaka elfu mbili ukafaulu, ukanipigia simu unalia kama bibi harusi.

Huku theluji imefika madirishani na bado mimi ndiye daktari wa magonjwa ya ndani peke yangu kutoka hapa hadi mji wa Caribou. Nina miaka sitini na minne. Asubuhi goti la kulia linaamka baada yangu. Lakini watu wanakuja, nami nawajua wao na wazazi wao, na hilo hakuna mtihani unaolipima.

Chukua mfano wa Fernand Ouellette, yule aliyekufundisha kuendesha trekta. Moyo wake umepanuka, haupigi sawasawa. Januari walimlaza hospitali kule Bangor, na kijana mmoja bingwa wa moyo, Feeney, akamrudisha kwangu na dawa ya kupunguza mapigo. Moyo umechoka, yeye anaupunguza kasi! Fernand akaja kwangu hawezi kupanda ngazi, kichwa kinazunguka, anasema, "Daktari, hii dawa inanizeesha." Nikaifuta siku hiyo hiyo. Tulifundishwa mwaka wa kwanza kabisa: moyo dhaifu usiutie breki. Wiki moja baadaye alikuwa anatengeneza mashine ya kupandia viazi huku akipiga mluzi. Na Feeney cheti chake hakijakauka wino.

Soma kitabu chako. Mbusu Claire, mwambie shangazi yake anauliza ana meno mangapi yaliyobaki.

Dada yako,
Odile

*

Duluth
18 Aprili 2010

Dada,

Asante kwa barua na kwa matusi. Kazi ya bima nimeiambia isubiri.

Wiki iliyopita nilimaliza ule ukaguzi wa kisukari. Ni aibu. Nilikuwa nikijiona daktari makini, kumbe kuna mama nimemwona mara nane bila kumvua soksi. Nilikasirika, nikaitukana Bodi, halafu Jumatatu nikamvua soksi. Kidole kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Tumekiwahi. Kwa hiyo sasa hata kuwachukia raha imenipungua.

Fernand mwangalie kwa karibu. Siku hizi kuhusu ile dawa wanasema mambo tofauti kidogo, lakini wewe ndiye uliye naye na mimi niko mbali. Mpe salamu.

Na wewe unayenicheka: mlango uko wazi. Wenye vyeti vya maisha wanaruhusiwa kufanya mtihani kwa hiari yao. Wakianguka hawanyang'anywi kitu. Jiandikishe basi, tuone kama utaendelea kuniita bibi harusi.

Normand

*

Bonde la St. John
20 Juni 2010

Normand,

Mimi nijiandikishe? Ningekuwa na muda wa kuchezea kompyuta ningelala. Ila nimefikiri: una vitabu vya maswali vya zamani ambavyo huvitumii? Nitumie. Nitakuwa nakuandikia maswali na wewe unanijibu, kama mama alivyokuwa akikusikiliza katekisimu. Anza na hili: mzee ana figo mbovu na kiungulia, utaacha kumpa nini?

Viazi vimepandwa. Fernand alipanda nusu, nusu akamwachia mkwewe. Miguu inamvimba, nimemwongezea dawa ya kukojoa. Analala ameegemea mito. Bado ananitania, anasema mimi na yeye tutazikwa na trekta moja.

Géraldine, mkewe, alinisimamisha kanisani akaniuliza kama arudi Bangor. Nikamwambia safari yenyewe itamchosha kuliko ugonjwa.

Odile

*

Duluth
22 Agosti 2010

Dada,

Vitabu vinakuja kwa posta, sanduku zima. Maswali yako ni magumu kuliko ya Bodi, na jibu la figo nilikosa, furahi. Nadhani wewe ndiye ungepaswa kutunga mitihani.

Kusema kweli maswali haya ndiyo yananishikilia. Nikifungua barua yako najisikia kama kuna mtu ananisukuma mgongoni kwenye mlima. Hospitali imepunguza madaktari wawili na wagonjwa wao tumegawiwa sisi. Natoka nje kwenye maegesho ya magari nakaa ndani ya gari bila kuliwasha, mpaka Karen apige simu kuuliza niko wapi.

Anza na mlango wa kitabu unaohusu moyo ukipata nafasi, ndio mrefu kuliko yote na umebadilika sana. Mimi bado sijaumaliza.

Normand

*

Bonde la St. John
3 Oktoba 2010

Normand,

Fernand amefariki Jumanne, katikati ya mavuno. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anavaa viatu. Alisema anataka tu kuwaona wanavyochimba. Géraldine alisikia kiatu kinaanguka.

Wanafunzi wako likizo ya kuvuna viazi, kwa hiyo waliobeba jeneza walikuwa na udongo kwenye kucha. Padri alizungumza kidogo. Mimi nilisimama nyuma.

Vitabu vilifika. Sijasoma sana, nimesoma figo tu kwa sababu wewe ulikosa hapo. Moyo niliuacha, moyo ninaujua.

Novemba nitakwenda Bangor siku moja kwa shughuli zangu. Nimechoka, mdogo wangu. Mtihani mwema.

Odile

*

Duluth
23 Januari 2011

Dada,

Nimefaulu! Majibu yametoka Alhamisi. Nilisoma kwenye simu nikiwa kwenye lifti na mgonjwa kitandani, nikapiga kelele, mzee wa watu akadhani ndiye anayekufa. Karen amepika nyama ya paa. Claire amebandika karatasi kwenye friji: BABA HALALI MPAKA 2020.

Lakini hujanijibu tangu Oktoba, hata Krismasi ulituma kadi yenye jina tu. Sasa binamu Réjeanne anamwambia Karen kwamba umefunga kliniki siku mbili kwa wiki na wodi umewaachia wale madaktari wa muda wanaoletwa na wakala. Kweli? Mwaka mzima unaniambia nisikimbie, unanipigia kelele kuhusu bima, mimi nikabaki kwa sababu yako, halafu wewe ndiye unayefunga duka kimyakimya? Kama umechoka sema umechoka. Kama unaumwa, mimi ni daktari, na nina karatasi mpya ya kuthibitisha.

Usinifanye nisikie habari zako kwa Réjeanne.

Normand

*

Bonde la St. John
6 Februari 2011

Normand,

Hongera. Nasema kwa moyo mmoja, usome hilo kwanza kabla ya mengine.

Siumwi. Shughuli yangu ya Bangor ilikuwa mtihani.

Nilijiandikisha Aprili, siku niliyopata barua yako. Nilikuwa na hasira. Nilitaka nikae kwenye kiti kile mara moja, nifaulu, nikutumie karatasi bila neno, ili usinitolee tena ule mwaka wa viazi. Maana nilijua, hata kama sikusema: ilitakiwa nije mimi kuchimba, mimi nilikuwa nimeshamaliza.

Siku ya mtihani binti mmoja wa pale alinitoa mifuko nje, akanitazama masikioni kama nimeficha kitu, akanikalisha mbele ya kompyuta. Pande zote watoto wanaandika kama mvua. Nilitoka nikiwa na uhakika. Nilikula supu Bangor nikarudi nyumbani naimba.

Nimeanguka. Si kwa alama moja. Wanakuonyesha ulipoangukia, na figo zako nilizipata, asante. Nilipoangukia ni moyo.

Kulikuwa na swali la mkulima. Moyo umepanuka, miguu imevimba, anachoka akipanda ngazi, na ameanza juzi dawa ya kupunguza mapigo. Ufanye nini? Nikachagua bila kufikiri: aiache. Baada ya majibu kuja ndipo nilifungua kitabu chako, ule mlango ulioniambia nianze nao. Aendelee. Aanze na kidogo, aambiwe kwamba wiki za mwanzo atajisikia vibaya, avumilie, dozi ipandishwe polepole, kwa sababu ndiyo dawa inayowapa watu kama yeye miaka zaidi. Hilo linajulikana tangu Claire hajazaliwa. Mimi nilikuwa hapa nawaona watu na wazazi wao.

Siku mbili nilizofunga ni za kupitia mafaili. Nawatafuta akina Fernand wengine. Wapo. Nimewaita mmoja mmoja. Nilimpigia pia Feeney. Nilitegemea anicheke. Alisema tu kwamba anaweza kuja huku Alhamisi mbili kila mwezi kama nitampa chumba.

Na unajua kichekesho? Hakuna atakayejua. Cheti changu kiko ukutani, cha maisha. Nikitaka naweza kuendelea mpaka nife, na hakuna mtu duniani wa kuniuliza.

Sasa nakuuliza, na nijibu kama mwanamume mzima. Machi nilipokuandikia kwamba nimeifuta dawa ya Fernand, ulijua?

Odile

*

Duluth
20 Februari 2011

Dada,

Nilijua.

Nilisoma barua yako jikoni nikamwambia Karen, "Odile amekosea." Karen akasema, "Mpigie." Nikasema nitaandika. Nikaandika: dada, mrudishie dawa Fernand, unamwua. Nikaitazama sentensi ile. Wewe ndiye uliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Wewe ndiye uliyenisukuma niende chuo baba aliposema shamba litabaki na nani. Nilikuwa nimetoka kwenye zamu mbaya, na nikaona nikituma hii kutakuwa na vita, na mimi vita sina nguvu nayo. Nikaikata. Nikaandika ile nyingine, "wanasema mambo tofauti kidogo." Halafu nikajisifu kwamba nimekwambia.

Juni uliposema miguu inavimba nilijua tena. Agosti nikakwambia soma mlango wa moyo, nikajiona mjanja, kana kwamba namtegea mgonjwa dawa ndani ya uji. Mwezi mmoja na kitu baadaye Fernand akafa.

Kwa hiyo mimi niliyefaulu ndiye mbaya zaidi. Wewe hukujua. Mimi nilijua nikanyamaza, na Novemba swali lile lile likaja mbele yangu, nikabonyeza jibu sahihi nikapewa alama.

Kama hutaki kuniandikia tena nitaelewa. Lakini usiache kazi. Watu hao hawana mwingine.

Normand

*

Bonde la St. John
10 Aprili 2011

Normand,

Nilikasirika nawe mwezi mzima. Barua yako niliiweka chini ya sanduku la mkate nisiione, nikawa naiona kila nikila. Hasira imechoka kabla yangu. Mimi ni mtu wa kutisha, nimejua hilo. Feeney naye alikuwa ameniandikia Machi ile akiuliza kwa nini dawa imefutwa, sikumjibu. Nimejijengea mahali ambapo hakuna mtu wa kuniambia kitu, kisha nikaita amani.

Jumamosi ya tarehe mbili nilikwenda kwa Géraldine.

Alikuwa anapika ploye, zile chapati zetu za huku. Akaniambia, "Kaa basi, mbona umesimama kama mtu wa serikali?" Nikakaa. "Una sura ya msiba," akasema, "nani tena?"

"Hakuna. Nimekuja kwa ajili ya Fernand."

"Fernand yuko makaburini, hajakimbia."

Nikamwambia. Sikumwambia kwa lugha ya hospitali. Nilisema: dawa aliyopewa Bangor ilikuwa sawa, mimi niliifuta kwa sababu nilijua mambo ya zamani na sikujua mapya. Nilisema mimi ndiye niliyekosea. Ploye ikaungua kwenye kikaango. Géraldine hajawahi kuunguza kitu tangu nimjue.

"Angeishi?" akaniuliza.

"Sijui. Wengi wanaoimeza wanaishi zaidi. Wengine hapana. Yeye sijui."

"Na sasa hatutajua."

"Hatutajua."

Akazima jiko. Akasema, "Yule kijana alimwambia aimeze hata kama inamchosha. Fernand alirudi ananiambia hivyo hivyo, Géraldine, nimeambiwa nivumilie. Mimi ndiye niliyemwambia, nenda kamuulize Odile. Odile anatujua."

Nilitaka kumshika mkono, akauweka chini ya aproni.

Kisha akaniuliza kama kuna daktari mwingine yeyote aliyejua. Nikasema Feeney. Wewe sikukutaja. Si kwa kukuhurumia. Nilitaka kukutaja, neno lilifika mdomoni. Lakini lile langu nilikuwa nimelibeba mpaka mlangoni kwake kwa miguu yangu mwenyewe, na lako sikuona kama nina haki ya kukubebea.

Nilipoinuka akasema, "Nenda, Odile. Leo nenda. Jumatatu nitakuja kupima presha, kwa sababu sina pa kwenda pengine. Lakini leo sitaki kukuona."

Jumatatu alikuja. Nilimfunga mkanda mkononi, nikapampu, nikamsomea namba, akaiandika mwenyewe kwenye kikaratasi. Akaniambia, "Hiyo ni nzuri au umeambiwa zamani kuwa ni nzuri?" Nikafungua kitabu mbele yake tukatazama pamoja. Ilikuwa nzuri.

Nimejiandikisha tena, Novemba. Jioni nasoma, na kichwa hakishiki kama zamani, nasoma leo kesho naanza upya. Feeney ananisikiliza Alhamisi wakati wa chakula. Ni mtoto mpole, hajui hata kuvaa buti za theluji. Nikianguka tena nitafunga kliniki, na nitawaambia watu kwa nini.

Odile

*

Duluth
1 Mei 2011

Dada Odile,

Nilianza kumwandikia Géraldine. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu, ya mwisho ikabaki mistari minne, na kila mara neno "nilijua" ndilo lililokuwa la kwanza kukatwa. Nimechana zote.

Hospitali imenipa wiki moja, na wamenuna. Karen amenikatia ndege. Nitafika Presque Isle Ijumaa ya tarehe ishirini, nitakodi gari mwenyewe, kwa hiyo usije kunipokea, na usimwambie yeye kwamba nakuja. Nitapita kwake kwanza, kwako baadaye. Sijui nitakuwa katika hali gani nikifika, usinipikie.

Niambie kitu kimoja tu: bado anakaa katika ile nyumba ya shambani, au amehamia kwa binti yake?

Normand